Usikisugue Kisu Hicho Kabla Hakijatoa Ushahidi

SWALI: Mtaalamu, salamu. Marehemu babu aliniachia kisu cha kukunja chenye vifaa sita: ubapa mmoja mkubwa, bapa mbili ndogo, msumeno, msharasi wa kutobolea ngozi na kizibuo cha chupa. Kwenye ubapa mkubwa pamechapwa RODGERS CUTLERS TO HER MAJESTY, kando yake pana nyota na msalaba. Ubapa mdogo wa kwanza una chapa iliyofifia inayofanana na hiyo. Wa pili hauna chapa na unang'aa kuliko wenzake. Mpini ni mweupe, una nyufa nyembamba. Je, ni cha kale kweli? Nikisafishe kwa nini? Na nikitaka kukusanya vingine nianzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa msiba, na hongera kwa kuuliza kabla ya kusugua. Kwa kila watu kumi wanaoniletea kisu cha kale nikitazame, wengi huwa wamekwisha kukipitisha kwenye mashine ya kung'arishia ili "kipendeze". Hapo huwa sina la kuwaambia zaidi ya kwamba kimependeza. Methali yetu yasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kwa mkusanyaji mambo yako kinyume: anayekula nyama ni yule ambaye kisu chake hakijanolewa sana, hakijasuguliwa, na kutu yake ya zamani bado iko mahali pake.

Kisu chenye ubapa mmoja kina shahidi mmoja, nawe huna budi kumwamini au kumkataa. Chenye bapa nyingi kina mashahidi wengi waliokaa chumba kimoja miaka mia na zaidi, na hao unaweza kuwahoji mmoja mmoja kisha ukalinganisha maneno yao. Wakikubaliana, una kisu halisi. Mmoja akisema lake, kuna jambo. Katika kisu chako shahidi wa namna hiyo ameshajitokeza, nitamrudia.

Tuanze na chapa, kwa kuwa ndiyo iliyokushughulisha, ingawa mimi huitazama mwisho. Joseph Rodgers & Sons walikuwa watengenezaji wa visu wa Sheffield, Uingereza, na alama ya nyota na msalaba ni yao kweli. Sheffield ilikuwa mji wa visu karne nyingi kabla yao; chama cha mafundi visu wa eneo hilo kilipewa sheria yake na Bunge mwaka 1624. Rodgers walipata heshima ya kuwa watengenezaji visu wa mfalme mwaka 1822, enzi ya George IV. Maneno HER MAJESTY maana yake ni kwamba aliyekuwa kwenye kiti cha enzi alikuwa malkia. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901, kisha wakafuata wafalme watupu mpaka 1952. Kwa hiyo chapa yako inasema ama enzi ya Victoria au baada ya 1952, na kwa umbo unalolieleza mimi naelemea upande wa Victoria.

Tazama pia kama neno ENGLAND limo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni zichapwe jina la nchi zilikotoka, na tangu hapo viwanda vingi vya Sheffield na vya Solingen, Ujerumani, vikaanza kuandika jina la nchi kwenye shina la ubapa. Shina ni ile sehemu nene inayobaki karibu na mpini ubapa unapofunguliwa. Kisu kisicho na jina la nchi huenda kikawa cha kabla ya hapo. Nasema huenda, kwa sababu kisu ambacho hakikukusudiwa soko la Marekani hakikulazimika kuchapwa hivyo. Wauzaji wengi hulisahau hilo kwa makusudi.

Sasa kwa nini chapa naitazama mwisho? Kwa sababu ndiyo rahisi kuigwa kuliko kitu kingine chochote kwenye kisu. Katika karne ya 19 majina makubwa ya Sheffield yaliigwa waziwazi na viwanda vya nje, hata malalamiko ya mafundi wa mji huo yakachangia kuzaliwa kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa. Kwa hiyo chapa ya uongo inaweza yenyewe kuwa ya kale. Na siku hizi yupo anayechukua kisu cha kale kisicho na jina, akakipiga jina la maana. Ipitishie kucha chapa yako. Ya zamani ilipigwa chuma kikiwa bado hakijakamilishwa, kisha ubapa ukasuguliwa. Kingo za herufi zimetulia, na weusi ndani ya herufi ni uleule ulio kando yake. Iliyopigwa juzi ina kingo zilizoinuka kidogo, au uwanja unaoizunguka umesafishwa ili kuipa nafasi.

Twende kwa mashahidi wenyewe. Fungua ubapa mmoja tu, taratibu, ukitumia kijishimo cha ukucha. Ukiwa mgumu usilazimishe, chonga kijiti cha mbao uuvutie nacho, kucha na springi zote ziokoke. Usiuache umesimama nusu, maana hapo ndipo springi hubeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote mwingine. Tazama mgongo wa kisu. Springi inatakiwa kulingana na mabamba ya ndani ubapa ukiwa wazi kabisa, na kulingana tena ukifungwa. Ikizama au ikichomoza upande mmoja tu, ama imechoka, ama ubapa ule si wa hapo.

Sikiliza pia. Fundi mzuri alikaza springi kiasi kwamba ubapa ukifika mwisho hutoa mlio mkavu, ta! Bapa mbili za miisho miwili kwa kawaida hutumia springi moja, basi mlio wao huwa wa kindugu. Mmoja akilia na mwenzake akifika kimya kama mgeni anayenyata, mchunguze huyo wa kimya. Ama shina lake limelika kwa kutumika sana, ama halikutengenezwa kwa ajili ya springi ile.

Lililo tamu kuliko yote ni jinsi bapa nyingi zilivyopitishana ndani ya mpini mwembamba. Ukiziweka bapa tatu au nne zilizonyooka kabisa ndani ya mpini wa unene wa kidole zitagongana. Fundi alizikunja kidogo sana karibu na shina, moja kuelekea kushoto, nyingine kulia, hadi kila moja ikapata njia yake ya kulala bila kumgusa jirani. Kazi hiyo ilifanywa kwa macho na nyundo ndogo, kisu kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana visu viwili vya kiwanda kimoja, vya mwaka mmoja, havibadilishani bapa hivihivi. Shika kisu kilichofungwa, kitazame kutoka juu kwenye mwanga. Kila ubapa una mtaa wake? Au kuna ule unaolalia mwenzake na kumkwaruza?

Na mikwaruzo hiyo ni maandishi. Bapa zilizokaa pamoja tangu mwanzo hukwaruzana mahali pamoja: alama kwenye shavu la ubapa huu inakutana na alama kwenye mgongo wa ule. Ukikuta jirani ana kovu lakini ubapa unaodaiwa kumtia kovu ni msafi kama umetoka dukani, basi aliyemkwaruza ni mwingine, na ameshaondoka.

Hapo ndipo ninapomshuku ubapa wako mdogo usio na chapa. Yapo maelezo matatu. La kwanza, mtu aliusugua peke yake, chapa ikafutika. Ukiutazama vizuri utaona kingo za kijishimo cha ukucha zimelegea na shina limekuwa jembamba kuliko la mwenzake. La pili, haukuchapwa tangu mwanzo, jambo linalotokea kwa bapa ndogo. Lakini mng'ao wake hauelezwi na hilo. La tatu, ulivunjika ukabadilishwa. Naelemea hili la tatu, na hukumu yake iko kwenye ribiti, yaani kijipini cha chuma kinachoufunga ubapa kwenye mpini.

Miisho ya mipini ya visu kama chako huwa na vipande vya chuma vyeupe. Vingi vya aina hiyo ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, isiyo na hata chembe ya fedha ijapokuwa inafanana nayo. Ribiti inayoshikilia bapa ilipita katikati ya vipande hivyo, ikapigwa ikatanuka, kisha ikasuguliwa pamoja navyo. Ikiwa ni ya chuma kilekile, katika kisu kizuri ambacho hakijafunguliwa kichwa cha ribiti huoni. Inabidi upumulie chuma mvuke ndipo kiduara kitokee kwa sekunde moja kisha kipotee. Ukiona kiduara waziwazi upande mmoja, chenye rangi tofauti au vidonda vya nyundo pembeni, basi kisu kimefunguliwa. Nakiri kwamba kisu cha kwanza nilichojivunia kilikuwa na kiduara hicho. Aliyeniuzia aliniambia ni "alama ya ukaguzi wa kiwanda", nami nikawasimulia watu hivyohivyo kwa miaka miwili.

Kuna swali jingine la kumwuliza huyo anayeng'aa: je, anashika madoa? Chuma kisichoshika kutu kiliingia kwenye ulimwengu wa visu baada ya Harry Brearley kukipata Sheffield mwaka 1913. Ubapa wa enzi ya Victoria ni wa feleji ya kawaida yenye kaboni. Ukikata chungwa hubadilika rangi ukiwa mkononi. Ukiwa wako umekaa miaka yote hiyo na wenzake walioingia weusi na kijivu, wenyewe umebaki kama kioo, basi ni mtoto wa karne ya 20 aliyelelewa katika nyumba ya wazee.

Usikate tamaa lakini. Ubapa mmoja uliobadilishwa unashusha thamani sokoni, tena sana, lakini haukifanyi kisu kuwa bandia. Huenda babu yako mwenyewe ndiye aliyepeleka kwa fundi, kwa kuwa alikihitaji. Kwangu mimi kisu cha namna hiyo kinasomeka vizuri kuliko kile ambacho hakikuwahi kutoka kwenye sanduku, ingawa mnada hautakubaliana nami.

Kuhusu mpini mweupe, kuna vitu vitatu vinavyofanana kwa mbali: pembe ya ndovu, mfupa na seluloidi. Chukua lenzi. Mfupa una vitundu na vistari vidogo vyeusi, njia ambamo damu ilipita mnyama akiwa hai. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo. Kwenye upande uliokatwa kukingama utaona mistari hafifu inayopishana kama wavu. Seluloidi ni plastiki ya mwanzo, iliyoanza kutengenezwa karibu na mwaka 1870, na aliyeiiga pembe nayo aliweka mistari iliyonyooka mno, yenye nafasi sawa mno. Isugue kwa kidole gumba ipate joto uinuse: ikitoa harufu ya kafuri, ni seluloidi. Tafadhali usifuate ushauri wa kuichoma kwa sindano ya moto. Seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha.

Nyufa zako nyembamba, ikiwa zinafuata urefu wa mpini, ni kawaida kwa pembe iliyokaa pakavu. Ikiwa ni pembe ya ndovu kweli, ulizia sheria kabla ya kukiuza au kukivusha mpaka. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imebanwa kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na nchi nyingi zimeongeza sheria zao. Uingereza kwenyewe sheria yake ya 2018, iliyoanza kutumika 2022, inakataza kuuza vitu vingi vya pembe hata vikiwa vya kale, isipokuwa vilivyosamehewa. Gamba la ng'amba, ambalo pia lilipendwa sana kwenye mipini, liko chini ya mkataba huohuo. Kukaa na urithi ni jambo moja, kuuweka kwenye bahasha ya posta ni jingine.

Kusafisha sasa. Weka tone moja la mafuta mepesi ya madini kwenye kila kiungo, uache usiku kucha kisu kikiwa kimelala juu ya kitambaa. Asubuhi fungua na ufunge kila ubapa mara chache, ufute uchafu mweusi utakaotoka, urudie mpaka mafuta yatoke safi. Mafuta yasiguse pembe wala mfupa, huacha doa lisilotoka. Maji na spiriti ndiyo usahau kabisa. Kwenye bapa, tofautisha kutu nyekundu na weusi. Nyekundu bado inakula chuma, iondoe kwa ukingo wa kipande cha shaba uliolowa mafuta, kwa kuwa shaba ni laini kuliko feleji na haitaikwaruza. Weusi na ukijivu ni ngozi ya chuma iliyokomaa, uache. Siki, msasa, brashi ya waya na ile mashine niliyoitaja mwanzoni havina kazi hapa. Wala usikinoe. Kila mara kisu kinaponolewa ubapa hupungua upana, na mkusanyaji hupima kwanza ubapa umebaki na nyama kiasi gani.

Kwenye kuhifadhi kosa linalorudiwa ni ala ya ngozi. Ngozi hubaki na chumvi na asidi za kutengenezea, nayo huvuta unyevu. Kisu cha feleji kinakwenda kuozea humo. Kifunge kwenye kitambaa cha pamba kikavu, ukifungue mara moja moja ukitazame. Vya seluloidi vitenge peke yao, tena penye hewa, maana seluloidi inayooza hutoa mvuke wa asidi na kuwaambukiza kutu majirani wote. Ukiona kisu kimoja kimeota kutu ghafla huku hali ya hewa ni ileile, nusa aliye karibu naye.

Umeuliza uanzie wapi. Usianzie kwenye maajabu. Utasikia habari za kisu cha Rodgers kilichowekwa bapa 1822 kwa heshima ya mwaka 1822, au kile chenye bapa 75 kilichotengenezwa kwa maonyesho makubwa ya London ya 1851. Kipo pia kisu cha bapa 100 kilichotengenezwa Ujerumani karibu na 1880 kwa ajili ya duka la visu la J.S. Holler la New York, ambacho kati ya hizo mia kina bastola ndogo inayofyatua kweli, kiko katika makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Vilitengenezwa ili watu wasimame dirishani wakodoe macho. Havikuwahi kukata kitu, na kwa hiyo havina cha kukufundisha kuhusu kusoma kisu.

Anza na kisu cha kalamu, chenye ubapa mmoja kila upande au bapa mbili. Kinaitwa hivyo kwa sababu waandishi walikihitaji kuchongea kalamu za manyoya ya ndege. Kalamu za chuma zilipoenea katika karne ya 19, kisu kilibaki mfukoni na jina likabaki nacho. Ni vingi, havichukui nafasi, na mashahidi wawili au wanne wanatosha kujifunzia mahojiano.

Ukipenda tarehe zisizobishaniwa, kuna njia mbili nzuri. Moja ni visu vya matunda vya Uingereza vyenye ubapa wa fedha halisi: vina mhuri wa ofisi ya upimaji, taji kwa Sheffield na nanga kwa Birmingham, pamoja na herufi inayotaja mwaka. Ukiwa na jedwali la herufi unajua mwaka bila kumwuliza muuzaji. Nyingine ni visu vya Case vya Bradford, Pennsylvania, Marekani. Kuanzia 1970 waliweka nukta kumi chini ya jina, wakawa wanaondoa moja kila mwaka. Tena namba yao ya mfano inasemesha: tarakimu ya kwanza ni aina ya mpini, ya pili ni idadi ya bapa. Namba ikianza na 63 ni mpini wa mfupa na bapa tatu. Ukikuta yenye 63 ina bapa mbili tu, huhitaji mtaalamu. Visu vya Uswisi navyo vina wapenzi wake, kuanzia kile cha askari ambacho Karl Elsener wa Ibach alikuwa akikipeleka jeshini tangu 1891, na kile cha maofisa alichokisajili 1897. Ila vya miaka ya mwanzo ni adimu, na vilivyopakwa uzee ni vingi.

Popote utakapoanza, nunua vitatu vibovu kwanza. Vilivyovunjika springi, vilivyokosa ubapa, vyenye mpini uliopasuka. Vifungue viungo kabisa, toa ribiti, tazama springi inavyokaa na jinsi mafundi walivyokunja bapa. Jioni moja ya kazi hiyo ilinipa macho ambayo vitabu vya picha havikunipa kwa miaka.

Kwa leo, usiguse mafuta wala shaba bado. Fungua ubapa mkubwa na ule mdogo wenye chapa, piga picha za mashina yao pande zote mbili. Kisha upige picha ya mwisho wa mpini alikofungwa yule anayeng'aa, ukiwa umekwisha kuupumulia mvuke. Nataka kukiona kiduara hicho kabla sijakuambia neno la mwisho juu yake.